Koti Lenye Uzi Mweupe

Mimi nimewajua wanaume wa mji huu kwa migongo yao. Ukinionyesha uso wa mtu niliyemshonea suti, nitakuambia simjui, na nitakuwa nasema kweli. Mwache ageuke. Hapo nitakuambia bega lipi limelala, kiuno chake kiko wapi, na kama fundi aliyemshonea koti alilovaa leo anastahili kushika mkasi. Wengi hawastahili. Nayasema haya hata mbele yao, ndiyo maana mafundi wenzangu hawanialiki kwenye harusi za watoto wao.

Kazi nilifundishwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka katikati ya mji, enzi za Wabelgiji, Lubumbashi ilipokuwa ikiitwa kwa jina la malkia wao. Wateja wake walikuwa wazungu, nao hawakupenda kutazamana na mtu mweusi wakati wanapimwa. Kwa hiyo tajiri wangu, yule Mgiriki, alisimama mbele, pini mdomoni, akatengeneza kifua na kola. Mimi nilisimama nyuma nikatengeneza mgongo na mabega. Mteja akigeuka kujitazama kwenye kioo, nami nilizunguka pamoja naye ili nibaki nyuma yake. Ulikuwa upuuzi mtupu na ulinichoma moyo kila siku. Lakini nilijifunza kitu ambacho tajiri mwenyewe hakukijua vizuri. Mbele ya koti kuna vifungo, kuna tai, kuna kitambaa cha mfukoni, vyote vya kumdanganya anayetazama. Mgongo hauna pa kujificha.

Nilipotoka kwake nilifungua kibaraza changu katika mtaa wa Lubumbashi uitwao Kenya. Walikuja makarani, walimu, watu wa reli, na Jumamosi walikuja wakubwa wa zamu kutoka Kipushi, wamenawa vumbi la mgodi lakini bado liko kwenye kucha. Kila mmoja alitaka suti itakayomfanya asimame wima kanisani. Sikushona kwa kubahatisha. Nilikata, nikashikiza vipande kwa uzi mweupe mrefu mrefu, ule wa pamba usio na nguvu, halafu mteja akaja kujaribu. Nilibomoa, nikarekebisha, akaja tena. Koti likiwa na uzi mweupe lilikuwa halijaisha na mwenyewe lazima arudi. Hiyo ndiyo sheria niliyoiweka. Koti la namna hiyo haliuzwi, halipewi mtu mwingine, hata mwenyewe akikawia mpaka mvua zipite. Linaning'inia tu likimngoja.

Kazi ya kutoa ule uzi ilikuwa ya mke wangu. Mimi nina mkono mzito, nikiuvuta kwa hasira unaacha alama. Yeye alikaa kwenye mkeka, koti mapajani, akauchomoa taratibu kwa ncha ya sindano huku akizungumza na majirani. Nyumbani tulisema Chiluba, kwa sababu sote wawili wazazi wetu walitoka Kasai, lakini maneno ya kazi yalikuwa ya Kiswahili. Koti likiwa tayari nilimwambia neno moja tu, lile lile miaka yote, la kumwambia autoe: "Mama, utoshe uzi." Kesho yake mteja alikuja kulichukua.

Mtoto wetu wa kwanza alirithi mkono wa mama yake na ulimi wangu. Alipokuwa kijana kamili alikata kwa mkasi vizuri kuliko mimi, na hakusita kuniambia. Tuligombana juu ya upana wa kola kama watu wengine wanavyogombana juu ya siasa. Alikuwa na bega la kushoto lililolala, tangu alipoanguka kwenye mti akiwa mdogo, na katika koti lake la kwanza la maana, la kitambaa cha kijivu, nilimwekea pamba upande huo ili mabega yalingane. Akilivaa, huwezi kujua. Chini ya kola aliweka sindano yenye uzi, kama nilivyomzoeza, maana fundi asiye na sindano mwilini mwake ni mtu aliyetoka uchi.

Kisha ukaja uhuru, na kabla hatujamaliza kucheza, jimbo letu la Katanga likajitenga na Kongo. Nilikuwa nimezaliwa kando ya reli ya nchi hii, nimewavika nusu ya watu wake, na asubuhi moja nikaambiwa mimi ni mgeni. Watu wa Kasai, walisema, mrudi kwenu. Kwetu wapi? Kasai niliijua kwa hadithi za mama. Wateja wangu walianza kupita upande wa pili wa barabara. Nyuma yangu, kwenye vigingi, makoti yao yenye uzi mweupe yaliendelea kuwangoja, na mimi, kwa ukaidi wangu, niliyafuta vumbi kila siku.

Mtoto wetu alitoka asubuhi kwenda kununua vifungo. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu kwa sababu kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba. Askari walifunga barabara karibu na soko, wakawauliza watu wanatoka kabila gani, na waliojibu vibaya walipandishwa kwenye kamiyo, lori la jeshi. Jirani aliyeona alikuja mbio kutuambia. Alisema mtoto hakupigana, alipanda mwenyewe. Mke wangu aliketi chini pale pale mlangoni mpaka jioni.

Nilitafuta. Nilisimama mbele ya kila lango lenye askari mpaka wakanijua na kunitukana kwa mazoea. Mwishowe nilikwenda kwenye ofisi moja ya serikali mpya, kwa bwana mmoja niliyemshonea suti ya ndoa na suti ya ubatizo wa watoto wake. Sitaji ofisi, na yeye amekwisha kufa. Aliniona nikiingia, akainuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nilimwomba kwa heshima zote. Nilimtajia jina la mtoto wangu, koti lake, bega lake. Hakugeuka. Alimwambia karani wake kwamba huyu mzee apelekwe nje. Na mimi, katika shida ile yote, macho yangu yalikuwa kwenye mgongo wake, na niliona kuwa suti niliyomshonea ilimkaa barabara, hakuna hata mkunjo. Nilitamani kumchania pale pale.

Baada ya hapo nyumba za watu wetu zilianza kuchomwa moto. Tulikimbilia nje ya mji, walikopiga kambi askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu, sisi na maelfu ya wenzetu. Mke wangu alibeba cherehani kichwani, mimi nilibeba watoto wadogo na pasi. Makoti ya wateja niliyaacha kwenye vigingi. Pale kambini tulilala chini ya magunia na mabati, mvua ikaja, tope likaingia, watoto wakaanza kuhara na kufa, na kila asubuhi ulisikia upande mmoja au mwingine mama akilia. Nilishona suruali za msaada zilizotoka Ulaya, kubwa kubwa, nikizipunguza ili zimkae mtu aliyekonda. Sikuona aibu. Niliona hasira, nayo ilinisaidia kuamka.

Ilikuwa kwenye foleni ya unga. Mbele yangu, watu kadhaa mbele, nikaona bega la kushoto la mtu mmoja limepanda juu kuliko la kulia. Nikajisemea, fundi gani mjinga huyu. Halafu nikatazama tena. Yule mtu alikuwa na mabega sawa. Koti ndilo lililokuwa na pamba upande mmoja. Niliacha nafasi yangu kwenye foleni, jambo ambalo kambini hakuna mtu mwenye akili analifanya, nikamshika kwa nyuma na kumgeuza. Uso haukuwa wa mtoto wangu.

Nilitaka kumkaba. Alikuwa mtu mzima, amechoka, naye hakujitetea. Aliniuliza kama mimi ndiye fundi wa Kenya. Akasema alikuwa amefungwa pamoja na mtoto wangu, chumba kimoja, na siku aliyotolewa kwenda kubeba mizigo ya askari, mtoto alivua koti akamvika. Kule njiani alipata nafasi akakimbia.

"Aliniambia hivi: uvae hii veste, utembee nayo mu bantu," alisema. "Usitafute papa yangu. Ye mwenyewe atakuona ku mugongo."

Tulikwenda naye hadi kwenye kibanda chetu. Mke wangu alilipokea koti, akalinusa, akapitisha vidole kwenye pindo, na vidole vikasimama. Kuzunguka pindo lote kulikuwa na mshono mrefu mrefu wa uzi mweupe, umevutwa kutoka kwenye gunia la unga, umeshonwa kwa sindano ile ya chini ya kola ambayo askari hawakuiona. Ilikuwa kazi safi. Hata gerezani hakuweza kushona ovyo.

Hapakuwa na haja ya mtu kutueleza. Koti lilikuwa halijaisha. Mwenyewe lazima arudi.

"Iko muzima," mke wangu alisema. Alicheka, na mimi nikacheka, na yule mtu akatutazama kama wendawazimu. Nilimpa koti langu mwenyewe badala ya lile, nikamwekea sawa mabega yake siku ile ile. Usiku huo nililala, mara ya kwanza tangu mtoto achukuliwe.

Lakini furaha ile ilikuja kuwa mzigo. Baada ya mvua za mwaka ule tuliambiwa kambi itafungwa. Kila mtu wa Kasai atapelekwa kwa treni hadi Kasai, na atakayebaki atabaki kwa shauri lake. Mtoto wetu mdogo alikuwa amebaki mifupa na macho. Mke wangu alisema tuende, la sivyo tutazika. Nilimwambia tukienda, yule mwingine akitoka atamkuta nani? Atakwenda Kenya akute majivu, atakuja kambini akute nyasi. Sheria ya duka langu ilikuwa kwamba mteja akirudi anakuta koti lake na fundi wake. Alinijibu kwamba huyu si mteja. Tuligombana mbele ya watu, maneno ambayo sikudhani tunayo vinywani mwetu. Yeye alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake.

Siku ya kuondoka nilimpandisha kwenye lori pamoja na watoto na cherehani. Alikuwa amenifungia koti lile kwenye kitambaa chake cha kichwa. Aliinama kutoka juu ya lori, akanishika mkono.

"Ule uzi, usiutoshe," aliniambia. "Ile njo kazi yangu."

Nilibaki. Sijui niseme nini juu ya miezi ile. Nilijificha kwa padri mmoja mzee aliyehitaji mtu wa kutengeneza kanzu za misa, nikashona chini ya ngazi ya nyumba yake. Barua hazikufika Kasai wala hazikutoka. Sikujua kama mtoto mdogo amepona. Nilianza kuogopa kwamba nimeacha walio hai kwa ajili ya pindo la koti, na woga huo ulinila kutoka ndani. Ukizidi nililifungua koti, nikautazama uzi. Ulikuwa pale pale. Nilipiga moyo konde, nikarudi kwenye kanzu.

Vita vilipoingia mjini tulilala chini ya meza. Halafu siku moja milio ilinyamaza, bendera zikabadilishwa, na habari zikapita mitaani kwamba kujitenga kumekwisha na wafungwa wanafunguliwa. Sikusubiri chai. Nilikwenda hadi lile lango la gereza ambalo askari wake walikuwa wamezoea kunitukana. Nje kulikuwa na umati, wake, akina mama, wazee, kila mmoja akinyoosha shingo ili aone uso wa mtu wake.

Mimi nilijua nifanye nini. Nililifungua koti la kijivu, nikalivaa. Lilinibana kwapani na bega la kushoto lilipanda kama kichuguu. Nikasogea mpaka mbele, karibu na lango, kisha nikaligeuzia mgongo. Mama mmoja aliniambia kwamba kichwa changu kimeharibika, mtu gani anamsubiri mwanawe akitazama barabara. Mtoto alinitumia habari kwa mgongo, na mimi nitampokea kwa mgongo. Nilitaka atoke aone kazi yangu na kazi yake kabla hajaona uso wangu, kwa sababu uso wangu ulikuwa umezeeka na ningeona haya kumtisha.

Lango lilifunguliwa. Nilisikia miguu, nikasikia majina yakiitwa, vilio vya furaha upande huu na upande ule. Watu walipita kushoto kwangu na kulia kwangu wakishikiliana. Nilikaza shingo. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya kitoto, nikamwahidi vitu ambavyo hana haja navyo. Miguu ilipungua. Mtu mmoja mmoja sasa. Ndipo mkono ukanigusa begani, upande wa kushoto, pale penye pamba, vidole vikabonyeza kama mtu anayeijua.

Niligeuka na jina lake mdomoni. Alikuwa kijana, umri ule ule, amekonda hivyo hivyo, lakini siye.

"Papa, hii veste naiyua," alisema. "Alikuwa anaishona pa sikio yangu, anasema papa yake ataiyua."

Nilimuuliza yuko wapi. Alitazama chini. Nilimshika mashavu kwa mikono yangu miwili, nikamwinua uso, mimi ambaye sikuwahi kutazama uso wa mtu. Nilimwambia aseme.

"Kesho yake ya kutuma hii veste, asubui, balimuita ye na benzake," alisema. "Bakabapandisha mu kamiyo. Kamiyo ilirudia, Papa. Beye habakurudia."

Kesho yake. Siku ile nilipokuwa kwenye foleni ya unga, tulipocheka mimi na mama yake, nilipolala usingizi mzuri, alikuwa amekwisha kuondoka. Mwaka ule wote nilikuwa nikimfuta vumbi mtu asiyekuwepo. Nililia pale langoni mpaka yule kijana, ambaye hakupokewa na mtu yeyote, akanishika akanipeleka kwa padri.

Kijana huyo nilimshonea suruali kabla sijaondoka. Kisha nilisafiri kwenda Kasai. Barabara zilikuwa mbaya, reli ilikatika mahali pengi, na njia nzima nilijizoeza namna ya kumwambia mke wangu. Nilitafuta maneno kwa Chiluba, lugha ya mama zetu, nikayapanga na kuyapangua. Kila nilipofika mwisho wa sentensi, nilianza upya.

Niliwakuta kwenye kijiji cha ukoo ambao hatukuwa tukiujua. Mtoto mdogo alikuwa hai. Alikuwa akikimbia. Nilimtazama kwa mshangao, na kwa kitambo kidogo nilisahau kilichonileta. Mke wangu alitoka ndani, akaniona niko peke yangu, akatazama nyuma yangu barabarani, akatazama tena. Alinitandikia mkeka, akanipa maji, akasubiri. Ndugu waliokuja kunisalimu walituacha wawili.

Yale maneno yote ya Chiluba niliyoyapanga yalipotea. Nilifungua kile kitambaa chake cha kichwa, nikatoa koti, nikaliweka mapajani mwake, pindo likiwa juu. Uzi ulikuwa umeanza kuwa wa manjano.

"Mama," nikasema, "utoshe uzi."

Alinyoosha mkono, akageuza kola, akachukua ile sindano mahali ilipokuwa. Aliutoa mshono mmoja mmoja, taratibu kama siku zote, bila kuacha alama kwenye kitambaa, na mimi nilikaa pembeni yake nikamtazama usoni mpaka alipomaliza.